Msituuzie Bunduki Kama Pikiniki

Wasee wa Dala, kuna kitu kinataka kuingia huku kwetu na nataka tukiongelee kabla hakijafika.

Juzi jamaa fulani aliniingilia DM. Anapanga wikendi ya familia ya kulenga shabaha kwa bunduki, zile ndefu, Jumamosi na Jumapili, nje kidogo ya Kisumu. Wanaoanza karibu. Watoto wa miaka 10 kwenda juu karibu. Shilingi 5,000 kwa kichwa, nyama ipo, soda ipo, na jioni unaenda home na karatasi yako yenye matundu upige nayo picha. Kazi yangu ingekuwa riili tatu tu. Doo ilikuwa ya maana, sitawadanganya. Nikamwambia zii. Akauliza kwa nini, na jibu likawa refu kuliko DM, so nimelileta hapa.

Kwanza, Kisumu tayari tuna darasa la familia la bunduki. Kama umekulia Kondele, Nyalenda ama Obunga, ulilimaliza kabla ya darasa la tatu. Ukisikia mlio, lala chini. Usikimbie dirishani kuchungulia. Toka upande wa ukuta wa mabati, kwa sababu mabati hayazuii kitu. Mathe anazima taa, mtoi mdogo analazwa katikati ya wakubwa. Kuna watoto huku wanajua tofauti ya mlio wa kitoa machozi na wa risasi ya moto vile watoto wa mitaa mingine wanajua tofauti ya honi ya matatu na ya lori. Hilo somo hatukulipia 5,000. Na hakuna aliyetupiga picha tukitabasamu.

Na msiseme ni mambo ya hawa vijana wa maandamano. Muulize babu yako kuhusu 25 Oktoba 1969. Mzee Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile mpaka leo wazee wanaiita Russia na siku hizi ina jina la Jaramogi. Kukawa na kelele kati yake na watu wa Jaramogi, mawe yakarushwa, na walinzi wakamimina risasi kwa umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa hapa hawajawahi kuikubali hiyo namba. Kulikuwa na watoto wa shule waliopangwa kando ya barabara kumpokea rais. Fikiria hiyo: hospitali inafunguliwa, na siku hiyo hiyo watu wanapigwa risasi.

Halafu Januari 2008. Nchi nzima iliona kwa runinga video ya Kondele, kijana asiye na silaha anapigwa risasi na mtu aliyevaa sare. Kesi ikaenda kortini, na 2010 mshtakiwa akaachiliwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa kwenye ile vurugu ya baada ya uchaguzi, na 405 kati yao waliuliwa kwa risasi. Asilimia 36 hivi. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa bado hamjazaliwa ama mlikuwa mnanyonya, lakini kila boma la huku lina jina moja ambalo likitajwa watu wananyamaza.

Sasa sikiza, hapa ndipo jamaa wa DM na mimi tuliachana njia. Yeye anasema: shida ni watu hawajafunzwa. Watu wakijua bunduki vizuri, wataiheshimu. Inasikika poa. Lakini omera, hebu rudi uangalie hizo kesi zote. Ni nani kati ya waliofyatua alikuwa hajui kulenga? Juni 17 mwaka 2025 sote tuliona ile video ya Nairobi, kijana muuza barakoa, hana hata jiwe mkononi, anafyatuliwa kichwani kutoka karibu kiasi cha kumgusa. Umbali ule huhitaji darasa. Kilichokosekana pale hakikuwa jicho wala mkono thabiti.

Kulenga ndiyo sehemu rahisi. Kweli kabisa. Lala kifudifudi, kiwiko chini ya bunduki, kitako kikae begani, toa pumzi nusu, shika hapo, kisha vuta triga polepole mpaka mlio ukushtue mwenyewe. Mtoto mwenye akili anaelewa hayo asubuhi moja, na kufikia Jumapili mchana matundu yake kwenye karatasi yatakuwa yamekaribiana. Ndiyo maana inauzika kwa wikendi. Ile sehemu ngumu, ya kujua wakati gani hufyatui hata kama umekasirika, hata kama umeogopa, hata kama umekunywa, hiyo haiko kwa ratiba ya siku mbili. Polisi wanakaa chuoni miezi mingi na bado tunazika watu.

Mnakumbuka DJ Evolve? Januari 17, 2020, klabuni Kilimani, risasi ya shingo. Haikuwa uvamizi wa majambazi, ilikuwa usiku wa raha kama ile mnaenda Ijumaa. Mtu alikuwa anacheza muziki, na maisha yake yote yakageuka kabla wimbo haujaisha. Mjadala wa nani alifanya nini niwaachie mawakili. Mimi naangalia kitu kimoja: bunduki iliingia mahali pa starehe.

Ndiyo maana hii lugha ya pikiniki inanichoma. Nyama, soda, picha na familia. Inaosha kitu ambacho huku kwetu hakijawahi kuwa kisafi.

Najua kuna mtu tayari anaandika: wewe unachanganya mambo, huu ni mchezo. Sawa. Tuongelee mchezo basi, kwa sababu mchezo naupenda kweli. Paris 2024, yule Mturuki Yusuf Dikeç, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, hana vile vifaa vya kibosi usoni, akaondoka na medali ya fedha. Kila mtu humu alitengeneza mimu yake. Kim Yeji wa Korea Kusini naye, sura kama ametoka kwa filamu. Wote wawili medali zao ni za bastola ya hewa ya mita 10. Ya hewa. Kijirisasi cha milimita 4.5 kinasukumwa na upepo uliobanwa, hakuna baruti. Na kwa ile bunduki ndefu ya hewa, alama ya 10 katikati ya karatasi ni nukta ya nusu milimita. Nusu milimita! Chukua kalamu uweke nukta, tayari umeipita. Mtu anapiga risasi 60 kwa nukta hiyo kwa dakika 75. Huo ni mchezo wa watu waliotulia kama mvuvi anayesubiri mbuta usiku.

Mtu akija Kisumu na huo, ukumbi uliofungwa, bunduki za hewa zenye vyeti, kocha anayejulikana, kitabu cha kusajili kila anayeingia na kutoka, na watoto wakafunzwa mwaka mzima, mimi nitampigia riili za bure. Siuzi maneno, nitafanya. Lakini hicho sicho kilicholetwa kwa DM yangu. Niliuliza shabaha ni gani. Akanitumia picha: kadibodi yenye kichwa na mabega.

Hapo ndipo utajua unauziwa nini. Angalia shabaha. Duara ni mchezo. Umbo la mtu ni mazoezi ya kupiga mtu, hata ukiweka nyama choma kando. Na huo mtindo upo Kenya, na uko wazi kabisa: kuna mashindano ya bastola ya kujilinda, IDPA, yenye shabaha za umbo hilo na vituo vinavyoigiza uvamizi, na 2022 mashindano yao ya Afrika yalifanyika Kirigiti, kule Kiambu. Wale angalau ni watu wazima wenye vyeti, na wanasema peupe wanachofanyia mazoezi. Sina ugomvi nao leo. Ugomvi wangu ni yule anayechukua shabaha hiyo hiyo, anamwekea mtoto wa miaka 10, halafu anaita siku ya familia.

Kuhusu sheria nitapita haraka lakini msipite kama mimi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kununua wala kuwa na bunduki bila cheti, na vyeti vinatoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Desemba 2018 serikali ilifuta vyeti vyote vya raia na kuwaambia waende wakaguliwe upya, na hao walikuwa watu ambao tayari walikuwa wamepita. So kabla hujatuma M-Pesa uliza maswali mawili tu: hizi bunduki ziko kwa cheti cha nani, na hicho cheti kinamruhusu kuwapa watu wengine wafyatue? Mimi niliuliza. Nilijibiwa na emoji ya kucheka.

Halafu kuna ile hoja ya kujilinda, ambayo naiheshimu zaidi kwa sababu hofu ni ya kweli. Nyumba zinavunjwa Riat. Boda wanaporwa usiku. Wavuvi wanaporwa injini za boti ziwani, na injini ikienda, imeenda karo ya watoto wote. Siwezi kumwambia mvuvi wa Usenge ama Mbita asiogope. Lakini fikiria naye mpaka mwisho. Anasinzia ndani ya boti, majambazi wanakuja watano, na yeye alifunzwa Jumamosi kulenga karatasi isiyotembea, akiwa amelala kwenye nchi kavu. Atapoteza injini, na bunduki pia. Nyumbani ni hivyo hivyo. Bunduki isipofungiwa, mtoto ataipata. Ikifungiwa vizuri, saa tisa usiku utakuwa unatafuta funguo. Na mtaa ukishajua unayo, wewe ndiye duka.

Marekani hizi wikendi ni kawaida, baba na mama na watoto, kila mtu na bunduki yake ndogo ya .22, na wakufunzi wao wengi wako makini kuhusu usalama, hilo nawapa. Elimu ya kulenga imejaa kule. Lakini nchi hiyo hiyo, tangu 2020, kinachoua watoto na vijana zaidi ya ajali za barabarani na zaidi ya saratani ni bunduki.

Sasa, sitaki kuwa mtu wa kusema hapana tu halafu aende zake. Mnataka wikendi ya familia inayohusu risasi? Ipo moja tunayohitaji sana, na hakuna anayeiuza: nini cha kufanya mtu wako akipigwa.

Kwa sababu tuseme ukweli, kwa mkaaji wa Kondele nafasi ya kufyatua ni ndogo kuliko nafasi ya kuwa karibu na aliyefyatuliwa. Na wengi wetu hatujui kitu. Nimeona watu wakimmwagia majeruhi maji, nimeona wakimbeba juu juu kwa boda huku damu inamwagika barabarani, kila mtu anashika simu arekodi. Mtu anaweza kumaliza damu kwa dakika chache. Yale ya msingi si mengi. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, kwa uzito wa mwili wako wote, na usiachilie kuchungulia kama imekoma. Kikilowa ongeza kingine juu, usitoe cha kwanza. Ikiwa ni mkono ama mguu na damu inaruka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kati yake na moyo, mbali na kiungo, tia kijiti ukikaze kwa kuzungusha mpaka damu ikome, kisha andika saa uliyofunga, hata kwa paji la uso wake. Usichokore risasi. Usimpe maji wala chakula, anaweza kuhitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi. Halafu Russia, haraka.

Na baada ya hospitali kuna somo la pili ambalo linatushinda zaidi: karatasi. Fomu ya P3 ijazwe. Nguo zenye damu zisifuliwe, ziwekwe kwa mfuko wa khaki. Jina la daktari na tarehe viandikwe. Kama aliyefyatua ni polisi, IPOA wana ofisi hapa Kisumu, na malalamiko yanapokelewa bila wakili. Kesi inaweza kufa kwa sababu mathe alifua shati.

Hiyo inaweza kufunzwa Jumamosi moja, na mtoto wa miaka 10 anaweza kujifunza kubonyeza. Haihitaji cheti cha mtu yeyote. Wakati wa maandamano ya 2024 kulikuwa na vijana wenye makoti meupe na mabegi ya dawa wakifanya haya mitaani bila kulipwa, so wajuzi wapo.

Kama wewe ni muuguzi, klinikal ofisa, mwanafunzi wa udaktari, ama umefunzwa huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu, niandikie hapa chini mtaa wako na siku uko fri. Ukumbi wa Manyatta nimeshaulizia, Jumamosi asubuhi unapatikana ukileta viti vyako. Chai nitanunua mimi. Mandazi mchange.