Mama wa Eldoret aliyechora Kanisa la Holy Family

Ukienda Nairobi ukapita karibu na City Hall, bila shaka umeliona kanisa kuu la Holy Family. Pengine umewahi kuingia humo kwa arusi, au kwa misa ya marehemu. Je, uliuliza ni nani aliyelichora?

Ni mama wa huku kwetu Eldoret. Dorothy Hughes alizaliwa London mwaka wa 1910, akaletwa Kenya akiwa mtoto. Aliolewa na John Hughes, yule mfanyabiashara wa magari ya Ford. Mama huyu angeweza kukaa starehe, anywe chai na kusimamia watumishi. Badala yake alisomea usanifu wa majengo London, akarudi na kufungua kampuni yake mwenyewe. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa kazi hiyo nchini.

Wengi hudhani kuchora nyumba ni kupiga mistari tu. Hebu fikiria kanisa la watu wapatao 4,000! Uzito wa paa utabebwa na nini? Aliye kiti cha nyuma ataionaje altare? Misa ikiisha, umati utatokaje bila kukanyagana? Hayo yote huamuliwa kwenye karatasi kabla fundi hajashika mwiko. Ujenzi ulianza 1960, ukamalizika 1963, mwaka wa Uhuru. Ingia siku ya jua uone jinsi mwanga unavyopenya vile vioo vya rangi.

Sitaki, msomaji, uone kwamba njia yake ilikuwa ya kila mwanamke. Mwaka wa 1956 alichaguliwa kuwakilisha Uasin Gishu katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa kura za Wazungu. Waafrika walichagua wajumbe wao wa kwanza mwaka uliofuata, na hadi 1961 ndipo Mwafrika mwanamke, Bi. Priscilla Abwao, alipoingia humo. Msichana Mnandi wa miaka hiyo, hata awe hodari wa hesabu namna gani, angepata wapi meza ya kuchorea?

Bi. Hughes alishughulika pia na maslahi ya jamii, hasa michezo ya walemavu. Alifariki 1987, miaka mitano baada ya kanisa lake kupandishwa hadhi na kuwa basilika.