Udongo wa Wales ni ndoto, udongo wa bibi ni umaskini

Kama una simu na bando, nina hakika picha za ile nyumba umeshaziona. Kilima kidogo chenye majani ndani ya msitu, mlango wa mbao uliopindapinda, dirisha linachungulia kama jicho la mtu aliyeamshwa sasa hivi. Kila baada ya miezi michache zinazunguka upya kwenye makundi ya WhatsApp, na chini yake vijana wenzangu wa Sinza na Mikocheni wanaandika: "Jamani, hii ndiyo ndoto yangu." Na makopa mekundu kumi.

Wazungu wanaiita nyumba ya hobiti, kwa sababu ya wale viumbe wafupi wa J.R.R. Tolkien kwenye kitabu chake The Hobbit cha mwaka 1937, ambao wanaishi kwenye mashimo mazuri ubavuni mwa vilima. Mimi na nyumba hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na hilo neno "ndoto", na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza tumpe haki yake aliyeijenga. Anaitwa Simon Dale, na aliijenga huko Wales katika miaka ya 2000 kwa ajili ya familia yake, akisaidiwa na baba mkwe wake pamoja na marafiki na wapita njia. Si fundi ujenzi wala seremala. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu nyumba moja tu ya namna hiyo. Kwa makadirio yake mwenyewe alitumia pauni 3,000 na saa 1,000 hadi 1,500 za kazi, na baada ya miezi minne walikuwa wameshahamia. Zana zake kuu zilikuwa msumeno wa mashine, nyundo na patasi ya inchi moja.

Alichimba ubavu wa kilima. Mawe na udongo uliotoka shimoni haukutupwa, ulirudi kwenye msingi na kwenye kuta za kuzuia kilima kisiporomoke. Nguzo ni miti ya mwaloni iliyopunguzwa kwenye msitu huo huo ili mingine ipate nafasi. Paa ndilo lililonimaliza kabisa: boriti zimepangwa kwa mduara, kila moja imelala juu ya mwenzake, ya mwisho inaingia chini ya ile ya kwanza, zote zinabebana bila nguzo ya katikati. (Chukua vijiti vinne vya mishikaki ujaribu mezani. Mimi nilitumia jioni nzima.) Juu ya boriti kuna marobota ya mabua, kisha karatasi ya plastiki, kisha udongo na majani. Kuta nazo ni za mabua, zimepigwa lipu ya chokaa badala ya saruji, kwa sababu chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Friji inapozwa na hewa inayopita chini ya msingi. Maji yanateremka yenyewe kutoka kwenye chemchemi, umeme ni wa sola, choo ni cha mboji, na madirisha na mabomba yaliokotwa kwenye vitu ambavyo watu wengine walishavitupa.

Haya. Sasa soma tena aya hiyo polepole, halafu niambie ni kipi hapo hujawahi kukiona kijijini kwenu.

Bibi yangu mzaa baba anaishi Bahi, Dodoma, kwenye tembe. Kwa msomaji ambaye Dodoma anaijua kwa Bunge tu: tembe ni nyumba ya Wagogo, fupi, ya mstatili, kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, la magogo na fito zilizofunikwa udongo mzito. Juu ya paa bibi anaanika mtama na mlenda. Saa saba mchana, jua la Bahi likiwa limekasirika, ndani ya tembe kuna ubaridi wa mtungi. Mwezi wa Julai usiku, upepo ukipiga, humo ndani kuna joto. Hakuna uchawi: udongo mnene unachelewa kupata joto na unachelewa kulipoteza. Ndiyo fizikia ile ile ya Wales. Nenda kakae chini ya bati lisilo na dari saa hiyo hiyo uone.

Na bibi yangu si wa ajabu. Wairaqw wa Mbulu walikwenda mbali zaidi. Wao walikuwa wakichimba kabisa ubavu wa kilima, paa likalingana na ardhi, hata mpita njia asijue kwamba amesimama juu ya nyumba ya mtu. Sababu yao haikuwa mapenzi ya vitabu vya hadithi, walikuwa wanaficha familia na mifugo wakati wa uvamizi. Hiyo ndiyo nyumba ya hobiti, jamani, na waliijenga kabla Tolkien hajaandika neno hata moja.

Sasa angalia tunavyozungumza. Tafiti zetu za kaya zikihesabu nyumba za udongo, zinazihesabu kwenye upande wa umaskini. Baada ya vijiji vya ujamaa zikaja kampeni za nyumba bora, na bora ilieleweka kuwa ni bati. Mwalimu mwenyewe, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamika kwamba tumelewa saruji na bati hadi tunakataa matofali ya kuchoma na vigae. Hakusikilizwa. Leo ukitaka kuliona tembe bila kupanda basi la Dodoma unakwenda Makumbusho ya Kijiji hapa Dar es Salaam, unalipa kiingilio. Au unakwenda Kwihara, nje ya Tabora, kuangalia tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872. Mzungu akishalala ndani yake linakuwa urithi.

Kwenye familia yetu jambo hili si la kufurahisha baraza. Mwaka huu baba na baba zangu wadogo wameanzisha mchango wa kumjengea bibi nyumba ya tofali, vyumba vitatu, bati la rangi. Ikikamilika, tembe litavunjwa. Sababu iliyotajwa kwenye kikao ni kwamba wageni wakija msibani tunaona aibu. Bibi alisikiliza yote mpaka mwisho, akasema nyumba wajenge, ni vizuri, wageni wa mjini watapata pa kulala. Yeye atabaki alipo. Watu wakacheka wakidhani anatania. Namjua bibi yangu, hakutania.

Lakini nisiwe mwandishi wa kupamba, maana na hao wapo, wanaosifia nyumba za udongo wakiwa kwenye kiyoyozi. Tembe lina matatizo yake ya kweli. La kwanza ni papasi. Kupe hawa wanaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, wanatoka usiku, wanauma, na wanaleta homa ya papasi, ambayo Dodoma inajulikana sana na ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga. La pili ni mvua: mwaka ikizidi, paa linanywa maji, linakuwa zito, linavuja, na wakati mwingine linawaangukia waliolala. La tatu ni mchwa. Huyu bwana wa Wales amejaza mabua kwenye kuta kwa raha zake kwa sababu kwao mchwa hakuna. Ajaribu Bahi aone kama kufika Pasaka kutakuwa na ukuta.

Baba anapotaja papasi, ana haki. Ila tazama dawa yake ni nini. Papasi anahitaji ufa. Sakafu ngumu na ukuta uliopigwa lipu ya chokaa bila nyufa vinamnyima makazi. Chokaa si ugeni kwetu, Kilwa Kisiwani watu walijenga msikiti kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Mvua inahitaji karatasi ya plastiki chini ya udongo wa paa, mteremko kidogo, na mfereji wa kuzunguka nyumba. Wales mvua inanyesha kuliko Dodoma kwa mbali sana, na Dale alikaa kavu. Tofauti ya nyumba yake na ya bibi si udongo. Ni karatasi ya nailoni, mifuko ya chokaa, na mtu aliyeketi akafikiri namna ya kuboresha kitu badala ya kukionea haya. Wataalamu wetu wa majengo wanayajua haya, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora wenyewe umehangaika miaka na matofali ya udongo ya kufungamana. Lakini mnunuzi ni sisi, na sisi tumeshaamua kwamba udongo ni wa washamba.

Kuna jambo lingine ambalo zile picha hazionyeshi. Kule Wales ugumu haukuwa kujenga, ulikuwa kuruhusiwa. Tony Wrench alijenga nyumba ya mviringo ya mbao na majani huko Pembrokeshire, mwaka 1998 ikagunduliwa kwa picha za kutoka angani, na ikambidi apambane na mamlaka mpaka mwaka 2008 ndipo akapata kibali. Dale na wenzake wa kijiji cha Lammas walipata kibali cha kujenga mwaka 2009 baada ya vuta nikuvute ndefu, kwa sharti kwamba ndani ya miaka 5 ardhi hiyo iwatimizie asilimia 75 ya mahitaji yao ya msingi ya nyumbani. Hapo ndipo alipojenga nyumba nyingine kwa pauni kama 27,000. Tarehe 1 Januari 2018 iliteketea kwa moto. Hilo nalo huwa halisambazwi na makopa mekundu.

Bibi yangu hajawahi kuomba ruhusa ya mtu ajenge kwenye ardhi ya ukoo wake. Kitu ambacho wenzetu wamekitafuta mahakamani na kwenye ofisi za halmashauri kwa muongo mzima, yeye anacho tangu alipoolewa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakitambua. Sisi wajukuu wake tuko Dar tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tumenunua viwanja Chanika kwa mkopo, tumenyanyua msingi, tumekwama kwenye lenta. Nina rafiki ambaye nyumba yake iko kwenye lenta tangu mtoto wake wa kwanza yuko chekechea. Mtoto sasa ni kidato cha pili. Dale alikuwa amehamia kwa miezi minne, hana deni, na muda uliobaki akaishi na watoto wake. Hicho ndicho kilichonifanya niwe na wivu, wala si dirisha la duara.

Kwa hiyo nimewaandikia baba na baba zangu wadogo. Nimesema mchango wangu nitautoa wote, lakini nusu yake iende kwenye tembe: sakafu, lipu ya chokaa, plastiki kwenye paa, mfereji, na kubadilisha magogo mawili yaliyoliwa. Nyumba ya tofali waijenge pembeni kama wanataka. Baba kanijibu kwa ujumbe mfupi kwamba kama nalipenda sana tembe, niende nikakae mimi. Baba mdogo wa mwisho kanipigia simu kwa siri kusema yuko upande wangu, ila kikaoni hataongea.

Kikao ni Desemba. Mwenye kujua wapi Dodoma mjini wanauza chokaa nzuri ya lipu kwa bei ya jumla, na fundi ambaye hatanicheka nikimtajia tembe, naomba anijulishe.