Mwamuzi Asiyekosea



Dominika baada ya Misa, katika vijiji vilivyo kando ya njia itokayo Bukavu kupitia Hombo hata Itebero na Walikale, wazee hukaa wakizungumza habari za mashamba na ubovu wa barabara. Lakini vijana huzungumza mpira. Wengi wao wanayajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko majina ya Mitume kumi na wawili. Hatutawagombeza kwa sababu hiyo. Mpira wa miguu ni mchezo mwema, nao una mafundisho kwa kila atakaye kufundishwa. Leo twataka kutoa fundisho moja tu, juu ya kuwahukumu wenzetu, na mfano wake tutautwaa kwetu wenyewe, katika habari ya Chui wa mwaka 1974.

Nchi yetu iliitwa Zaire siku zile. Mwezi wa Machi wa mwaka ule timu ya taifa ilitwaa Kombe la Afrika huko Misri. Mshambuliaji wake Ndaye Mulamba alifunga magoli 9, na mpaka leo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia hesabu hiyo katika Kombe la Afrika la mwaka mmoja. Mwezi wa Juni Chui wakaenda Ujerumani ya Magharibi kushindania Kombe la Dunia. Walikuwa timu ya kwanza kutoka nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kufika huko.

Mambo hayakwenda vema. Tarehe 14 Juni walishindwa na Scotland magoli 2 kwa 0. Tena wachezaji walikuwa na uchungu moyoni, maana fedha walizoahidiwa hawakuzipata. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, wakakutana na Yugoslavia. Goli la nne lilipoingia, wachezaji wetu walimzunguka mwamuzi, Bwana Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika. Katika msukumano ule, mmoja wao alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamfukuza Ndaye Mulamba. Kumbe aliyepiga teke si Ndaye! Alikuwa mwenzake, beki Mwepu Ilunga. Asiye na kosa alitoka uwanjani, mwenye kosa akaendelea kucheza. Siku hiyo timu yetu ilifungwa magoli 9.

Siku nne baadaye walicheza na Brazil. Wabrazil walipata mpira wa adhabu karibu na goli letu. Kabla hawajaupiga, Mwepu yule yule alichomoka katika ukuta wa wenzake, akaupiga mpira mbali kwa nguvu zote. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya manjano, na ulimwengu mzima ukacheka. Kwa miaka mingi watu wa Ulaya waliionyesha picha ile ya sinema, wakisema: Tazama Waafrika, hawajui hata sheria za mchezo. Lakini Mwepu alikuwa bingwa wa Afrika. Je, angekosa kuijua sheria ambayo hata mtoto wa shule anaijua? Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliijua vizuri sana. Alifanya vile kwa hasira, kwa sababu ya malipo yasiyotolewa na vitisho vya wakubwa wa serikali. Hatusemi kwamba hasira ile ilikuwa njema. Twasema tu kwamba waliomcheka hawakumwuliza.

Tena sikieni habari ya tatu. Mwaka 1994 Ndaye aliitwa Tunisia ili apewe heshima katika sherehe za Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakitaka mali, wakampiga risasi mguuni. Mwishowe alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko katika umaskini, hana anayemjua. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika lililochezwa Burkina Faso, ikatangazwa kwamba Ndaye Mulamba amekufa, na watu uwanjani wakasimama kimya kwa ajili yake. Naye alikuwa hai! Aliishi miaka mingine ishirini na zaidi, akafariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Basi, wapenzi, haya tunayafikirije? Asiye na kosa aliadhibiwa kama mkosaji. Mwenye akili alichekwa kama mjinga. Aliye hai aliombolezwa kama maiti. Na mara ya kwanza kosa halikutoka kwa mwamuzi mwenye rushwa wala chuki. Twaweza kusadiki kwamba aliona watu wengi wamesongamana, akadhani. Kudhani, ndiyo njia ya hukumu nyingi za wanadamu.

Tangu Kombe la Dunia la mwaka 2018 huko Urusi, waamuzi wamepewa mitambo ya picha, ili walitazame tena jambo lenye mashaka. Hata hivyo mabishano hayakwisha. Mashine yaweza kuonyesha mguu wa mtu; moyo wake haiuonyeshi. Mungu peke yake huuona, tena bila kutazama mara ya pili.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya uwanjani tu. Mali ya shule inapotea, na mara moja anashikwa mtoto maskini kuliko wote. Mume anakufa kwa homa, na kabla ya matanga kwisha mjane anaitwa mchawi. Familia inafika kutoka Masisi na mizigo kichwani, ikikimbia vita, na watu hawaulizi kama wamekula. Wanauliza kabila lao, kisha wanajibu wenyewe nani mwema na nani mbaya. Hukumu ya namna hiyo inaua. Mwezi wa Machi 1993, katika soko la Ntoto, ndani ya Walikale yetu hii, watu waliokuja kununua na kuuza waliuawa kwa ajili ya kabila lao, na kutoka hapo moto ukaenea hata Masisi. Nani aliuliza siku ile, Mtu huyu amekosa nini? Jina la kabila lilitosha kuwa kadi nyekundu, na adhabu yake kaburi.

Amri ya nane ya Mungu yatukataza ushuhuda wa uongo, na Mama Kanisa hutufundisha kwamba amri hiyo yakataza pia kumdhania mwenzako mabaya bila sababu ya kutosha, na kumharibia jina lake. Tena hutufundisha jambo ambalo wengi hulisahau: aliyeiba mbuzi hana budi kumrudisha mbuzi, na aliyeiba jina la mwenzake hana budi kulirudisha jina hilo. Haitoshi kunong'ona dhambi hiyo katika kitubio, kisha kunyamaza kijijini. Kama ulimsingizia mtu mbele ya watu kumi, uende kwa wale kumi, ukawaambie: Nilisema uongo.

Bwana wetu Yezu Kristu anaijua hukumu isiyo ya haki kuliko sisi sote. Alisimama mbele ya Pilato, na Pilato hakuwa na udhuru wa yule mwamuzi wa Gelsenkirchen. Yule hakuona, Pilato aliona wazi kwamba mbele yake amesimama mtu asiye na hatia, lakini aliogopa kelele za watu. Barabba mwenye kosa akafunguliwa, Mwana wa Mungu akapelekwa msalabani. Naye alikubali, kwa kuwa makosa aliyoyachukua yalikuwa yetu. Ndaye alitoka uwanjani kwa kosa la mmoja, pasipo kutaka. Kristu alitoka nje ya mji kwa makosa ya wote, kwa kupenda.

Basi, ninyi wazazi, jioni kabla ya sala, waulizeni watoto wenu na kujiuliza wenyewe: Leo nimemdhania nani? Nimelipeleka mbele neno gani ambalo sikuliona kwa macho yangu? Na ninyi wanafunzi, kama mwenzenu anaadhibiwa kwa kosa lako, usingoje kengele ya kwenda nyumbani. Simama, useme: Mwalimu, ni mimi. Utapigwa labda, lakini utalala usingizi. Na kama unamjua mwenye kosa, naye asiye na kosa analia, kunyamaza kwako ni kama kumsaidia Pilato kunawa mikono.

Siku moja kila mmoja wetu atasimama mbele ya Mwamuzi asiyekosea. Kwa mtu aliyesingiziwa hapa duniani, neno hilo ni faraja kubwa. Kwa aliyesingizia, bado upo wakati wa kwenda kwa jirani yake, leo hii, kabla ya filimbi ya mwisho.