Kiazi Bila Ua

Hoja iliyochapishwa ni hii: viazi vya okidi vinavyochimbwa Mbeya na Makete, iliyokuwa mkoani Iringa, mzoefu huvitambua kwa jicho, hivyo kupekua hifadhidata kutafuta vyambo vya kunasia DNA ni anasa.

Jicho gani? Okidi hutambuliwa zaidi kwa ua. Kiazi kikishamenywa, kikakaushwa, kikavushwa Tunduma kwenda kupikiwa mlo wa chikanda Zambia, ua liko wapi? Kikishatwangwa na kuchanganywa na karanga, mzoefu wetu atataja spishi kwa kuonja?

Anasa? Kupekua hifadhidata ya GenBank ni bure. Gharama iko maabara. Na jeni moja huweza kuchanganya ndugu wa jenasi ya okidi ya Disa, ilhali seti ya vyambo ya Orchidinae-205 hulenga jeni 205. Mzoefu analenga ngapi?