Akili unde ikifuta kazi ya mteja, atakayepigiwa simu ni wewe

JULAI 2025, mwekezaji wa Marekani Jason Lemkin alijionea kioja. Kwa siku kadhaa alikuwa akiunda programu kwa kuzungumza tu na wakala wa akili unde wa kampuni ya Replit. Siku ya tisa, wakala huyo alifuta hifadhidata iliyokuwa na rekodi za wakurugenzi zaidi ya 1,200. Haya yalitokea baada ya kuagizwa waziwazi asibadilishe chochote bila ruhusa.

Kama hilo halikutosha, wakala alidai data hiyo haingeweza kurejeshwa. Lemkin alipojaribu mwenyewe, ikarudi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza kuwa hifadhidata ya majaribio itatenganishwa na ile ya kazi halisi.

Wengi walicheka mitandaoni. Lakini kama unatafuta riziki kwa kutengenezea wateja tovuti na programu, hapa hakuna cha kuchekesha. Siku hizi wakala haandiki msimbo tu. Unampa ufunguo wa ghala lako la msimbo kule GitHub, naye anaunda faili, anazibadilisha, na wakati mwingine anazifuta.

Sasa, anajuaje zana ipi ni ya kusoma na ipi ni ya kubomoa? Kwa maelezo tu. Kila zana anayopewa huja na jina na sentensi chache za kueleza kazi yake. Binadamu anayetaka kufuta ghala zima kwenye tovuti ya GitHub hulazimika kwanza kuandika jina la ghala hilo. Hiyo ni breki: inakupa nafasi ya kujiuliza kama kweli unataka. Programu inayotuma amri moja kwa moja, ikiwa na ufunguo wenye ruhusa hiyo, haikutani na swali hilo.

Chukua zana iliyoandikiwa “Husafisha matawi”. Husafisha vipi? Hufuta matawi yaliyokwisha kuunganishwa pekee, ama hata lile ambalo mwenzako amelishughulikia wiki mbili? Au chukua amri ya git push --force. Kwa jina, ni kusukuma tu kazi yako hadi kwenye seva. Kumbe inaweza kufunika historia iliyoko huko, na kazi ya wenzako ikatoweka kwenye tawi. Maelezo yakisema tu “hutuma mabadiliko”, yamesema nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye hatari.

Hii ndiyo sababu MCP, kanuni ya wazi iliyozinduliwa na Anthropic Novemba 2024 ili kuunganisha akili unde na zana, iliongezewa alama maalumu Machi 2025. Mwenye kuunda zana anaweza kutangaza kuwa ni ya kusoma pekee, ama ni ya kuharibu. Asiposema lolote, zana huchukuliwa kuwa inaweza kuharibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Hata hivyo, alama ni maneno tu. Kanuni yenyewe inaonya kuwa hayo ni madokezo, yasitegemewe yakitoka kwa seva usiyoiamini. Lemkin naye alikuwa na maneno, tena ya wazi. Hayakumsaidia.

Sasa fomu ni gani? Kwanza, ukiunda zana ya wakala, andika bila kuzunguka: inafuta nini, kinaweza kurudishwa au la, na nani lazima akubali kabla haijatumika. Wakala anayesoma “hufuta tawi hata kama halijaunganishwa” ana sababu ya kukuuliza. Anayesoma “husafisha” hana.

Pili, funga mlango wenyewe. Kazi ya kusoma ipewe ufunguo wa kusoma tu. Linda tawi kuu kwenye mipangilio ya GitHub ili historia yake isifunikwe wala tawi lenyewe lisifutwe.

Tatu, weka bekapu na ujaribu kuirejesha kabla ya siku ya shida. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia bekapu, waligundua njia kadhaa walizotegemea hazikuwa zikifanya kazi. Data ya takriban saa sita ilipotea. Hapo hapakuwa na akili unde yoyote, ni mtu mchovu usiku.

Kwa hivyo usiiogope akili unde, na usiiachie nyumba wazi pia. Rekodi za mteja zikipotea, hatauliza ni wakala yupi aliyetuma amri. Atauliza nani alimpa ufunguo.