Dubai: Nyuma ya sahani ya Wafilipino, kuna leta iliyopanga safari ya watu wake

Wachuuzi wetu wa Butembo, Bukavu, Goma na Bunia wanaijua Dubai kupitia mtaa mmoja hasa: Deira. Huko ndiko wanatafuta simu, vitambaa, vipuri vya magari na vyombo vya nyumba, huko ndiko wanalala, na huko ndiko wanajaza kontenere kabla ya kurudi. Lakini jioni, maduka yanapofungwa, kitu kimoja kinawashangaza wengi. Karibu kila barabara ya Deira, na ya mitaa ya Karama na Satwa, ina restora ya Wafilipino, na ndani kumejaa watu.

Swali linakuja lenyewe. Wafilipino si matajiri wa Dubai. Wengi wao ni wafanyakazi: wauguzi, wauzaji wa maduka, wahudumu wa hoteli, wapishi, makarani, mayaya. Iweje chakula chao kishike mji namna hiyo, wakati vyakula vya Congo, inchi ambayo dhahabu yake imepita Dubai kwa miaka mingi, vinatafutwa kwa taabu na mara nyingi vinapikwa chumbani?

Jibu liko jikoni kwa sehemu ndogo tu. Kwa sehemu kubwa liko Manila, mji mkuu wao, ambako leta iliamua zaidi ya miaka 50 iliyopita kwamba watu watakwenda ugenini, na kwamba safari hiyo itapangwa.

Soko ni wafanyakazi wenyewe

Tuanze na hesabu. Kadiri ya takwimu rasmi za Ufilipino, mwaka 2023 kulikuwa na wafanyakazi wake karibu milioni 2 na laki 2 katika inchi za nje. Arabia Saudia ndiyo iliwapokea wengi zaidi, na Falme za Kiarabu zikawa za pili. Katika Dubai peke yake, Wafilipino ni mojawapo ya jamii kubwa za wageni, nyuma ya Wahindi na Wapakistani.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani mezani. Kwa sheria ya Falme za Kiarabu, mfanyakazi mgeni anayetaka kuleta mke, mume au watoto lazima awe na mshahara wa dirhamu 4.000 kwa mwezi, ao dirhamu 3.000 pamoja na nyumba. Dola moja ni dirhamu 3,67, kwa hiyo tunazungumza juu ya dola zaidi ya 1.000. Wengi hawafiki hapo. Wanakaa bila familia, wanakodi kitanda katika chumba cha watu wanne ao sita, na mara nyingi jiko ni moja kwa vyumba vyote, ama halipo kabisa.

Mtu kama huyo hana mahali pa kukaribisha ndugu yake siku ya kuzaliwa, ao pa kukutana na watu wa kijiji chake. Restora inakuwa sebule. Siku ya mapumziko, watu wanatoka misa katika kanisa katoliki la Mtakatifu Maria, Oud Metha, ambalo linajaa Wafilipino, kisha wanakwenda kula pamoja. Anayefungua restora hapo hauzi chakula tu. Anauza pia saa mbili za kukaa nyumbani.

Mezani kuna nini?

Msomaji wa Kivu ao wa Ituri hatapotea sana mbele ya sahani hizo. Muchele ndio msingi, kama bugali kwetu: bila muchele Mfilipino atasema hajala. Halafu kuna mboga. *Adobo* ni nyama ya kuku ao ya ng'ombe iliyopikwa polepole katika siki, mchuzi wa soya, vitunguu saumu na pilipili manga. *Sinigang* ni supu chachu ya ukwaju, yenye samaki ao nyama na majani. *Kare-kare* ni mkia wa ng'ombe katika mchuzi mzito wa karanga, na yule aliyelelewa kwa sombe la karanga ataelewa mara moja. Hata matembele, majani ya viazi vitamu, yako: wao wanayachemsha kidogo na kuyala na nyanya na siki. Na samaki wadogo waliokaushwa kwa chumvi wanakaangwa asubuhi, wakati sisi tungeweka ndagala.

Namna za kula ni tatu, na kila moja ina mfuko wake.

Ya kwanza ni ile ya masufuria wazi. Mteja anaingia, anatazama nyuma ya kioo, anaonyesha kwa kidole. Kwao inaitwa *turo-turo*, maana yake ni "onyesha-onyesha". Ni ndugu wa malewa yetu. Katika vijumba hivyo vya Satwa na Karama, mtu anaweza kushiba kwa dirhamu zisizopita 20 hivi.

Ya pili ni restora za kukaa kwa kundi. Deira kuna zile ambako kaa, kamba na chaza wanamwagwa moja kwa moja juu ya meza iliyotandikwa karatasi, na watu kumi wanakula kwa mikono. Ni desturi ya zamani ya visiwani, ya kula kwa mkono juu ya majani ya ndizi. Leo imekuwa biashara, na wateja wake si Wafilipino peke yao: Wahindi, Waarabu na wazungu wanapanga foleni pia.

Ya tatu ni makampuni makubwa. Jollibee ilianza mwaka 1975 kama duka la krimu baridi katika Quezon City, karibu na Manila. Ilifungua Dubai mwaka 2015, ikiuza kuku wa kukaanga na tambi zenye mchuzi wa sukari. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilinunua The Coffee Bean & Tea Leaf, mlolongo wa nyumba za kahawa uliozaliwa California. Fikiria maana yake: kampuni iliyokua kwa kulisha watu wa inchi maskini, sasa inawauzia Wamarekani kahawa.

Wamejua pia kujigeuza. Ufilipino ni inchi ya nguruwe. Sikukuu bila nguruwe wa kuchoma si sikukuu. Dubai, nyama hiyo inahitaji ruhusa ya pekee na kutengwa na nyingine. Restora nyingi zimeiacha na kupika vyakula vilevile kwa kuku, ng'ombe ao samaki. Wakapata hivyo mteja Mwislamu bila kumpoteza mteja wao.

Kahawa iliyotoka kwetu

Miaka hii, vijana wanapendelea nyumba za kahawa. Huko kunauzwa mkate mtamu wa asubuhi uitwao *pandesal*, na keki za *ube*, kiazi kikuu cha rangi ya zambarau ambacho kimekuwa kama bendera yao. Sheria mpya pia imefungua mlango: tangu Juni 2021, katika kazi nyingi mgeni anaweza kumiliki kampuni kwa asilimia 100. Zamani alilazimika kumpa mwenyeji asilimia 51.

Hapa Mcongomani anapaswa kusimama kidogo. Kahawa ambayo Wafilipino wanajivunia, *barako* ya Batangas, ni ya aina ya liberika, mti wa asili ya Afrika. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa kutu uliharibu mashamba yao, na liberika ndiyo iliyoweza kuvumilia. Aina wanayolima kwa wingi leo ni robusta, mti wa misitu ya kwetu, uliopelekwa Asia kutoka Congo mwanzoni mwa karne ya 20. Mbegu ni ya Afrika, jina na faida ni vya wengine. Kahawa ya Kivu, ya Idjwi na ya Minova, inasifiwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani, lakini inaondoka ikiwa mbichi, katika magunia.

Leta iliyofuata watu wake

Haya yote hayakuja kwa bahati. Mwaka 1974, wakati wa Rais Ferdinand Marcos, Ufilipino iliweka katika sheria yake ya kazi mpango wa kutuma wafanyakazi inje. Mnamo 2006 iliamua kwamba mfanyakazi wa nyumbani asiondoke kwa mshahara wa chini ya dola 400 kwa mwezi. Mwishoni mwa 2021 ikaunda wizara nzima ya wafanyakazi wahamiaji. Mwaka 2018, mwili wa mfanyakazi Mfilipina ulipokutwa ndani ya friji katika Kuwait, Manila ilisimamisha kutuma wafanyakazi huko mpaka makubaliano ya ulinzi yatiwe sahihi.

Faida inapimika. Kadiri ya benki kuu ya Ufilipino, mwaka 2024 wahamiaji walituma nyumbani dola bilioni 34 na nusu kupitia mabenki.

Lakini tusipambe. Wafilipino wenyewe wanalalamika kwamba leta yao imezoea kuuza jasho la watu badala ya kuumba kazi nyumbani. Kuna watoto waliolelewa na bibi zao, wakimjua mama kwa simu. Kuna mawakala wanaotoza pesa nyingi, na kuna mayaya waliopigwa ao kunyang'anywa pasipoti licha ya sheria zote. Anayekuletea sahani Deira mara nyingi ni mmoja wao, analala katika chumba cha vitanda sita, na mshahara wake umegawanywa kabla haujafika: ada ya shule, dawa ya baba, mabati ya nyumba. Restora yenyewe inategemea mishahara ya watu hao. Kazi zilipokatwa mwaka 2020 kwa sababu ya Korona, wateja waliondoka na ndege, na milango mingi ikafungwa.

Na sisi?

Somo kwa Congo si kwamba tutume watu wengi zaidi. Watu wetu wanaondoka tayari. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukaacha kutumika, na wachuuzi wakaanza kuzunguka kupitia Kigali, Entebe ao Nairobi. Katika hali hiyo, ahadi ya kazi katika inchi za Ghuba inapata masikio. Burundi, jirani yetu, ilitia sahihi makubaliano na Arabia Saudia mwaka 2021, na Uganda na Kenya zinatuma wafanyakazi kwa maelfu. Binti wa Uvira ao wa Beni anayepita kwa wakala wa inchi jirani anaondoka bila mkataba ambao leta yake inaujua. Akipatwa na shida, nani atapiga simu kwa niaba yake?

Upande wa dhahabu, tuliweza kujipanga. Januari 2023, kampuni ya Primera Gold, ya leta ya Congo na washirika wa Falme za Kiarabu, ilianza kutuma dhahabu kutoka Bukavu kwa njia halali. Basi tulijua kuandika mkataba kwa ajili ya jiwe. Kwa ajili ya mtu, bado.

Mambo matatu yanawezekana bila kungojea amani kamili. La kwanza, leta iandikishe mawakala wote wanaotafuta wasichana kwa kazi za Ghuba na iweke mshahara wa chini, kama Manila ilivyofanya. La pili, ubalozi ujue watu wake wako wapi na uwape namba moja ya kupiga usiku na mchana. La tatu ni la wachuuzi wenyewe: wale wanaojaza kontenere Deira kila mwaka wana mtaji na wanajua mji. Watu kadhaa wakiungana, wanaweza kufungua nyumba moja ya kahawa ya Kivu iliyokaangwa, yenye sombe na sambaza saa sita mchana. Sheria ya Dubai inaruhusu, na wateja wapo: Wacongomani, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania na Wakenya wanaopita humo kila juma.

Wafilipino hawakungojea kuwa matajiri ndipo waweke chakula chao mezani. Lakini walikuwa na faida moja ambayo sisi hatuna bado: walipoondoka nyumbani, jina lao liliandikwa mahali fulani, na kuna mtu aliyelipwa kulifuatilia. Kazi hiyo inamngojea Kinshasa, na kila mwezi unaopita, wasichana wengine wanapanda ndege bila jina lao kuandikwa popote.