Ramani ya Taya Isiishie Pwani

Katika hospitali na kliniki za Dar es Salaam na Nairobi neno "kipandikizi" limekwisha kuwa la kawaida miongoni mwa watu waliong'olewa meno. Maana yake ni mzizi wa bandia wa madini ya titani, unaokazwa ndani ya mfupa wa taya, ukaachwa miezi kadhaa ushikane na mfupa huo, kisha ukavikwa jino. Jambo lenyewe si geni. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimtilia mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi hivyo mwaka 1965, baada ya kugundua katika utafiti wa miaka ya 1950 kwamba mfupa wa sungura huing'ang'ania titani kana kwamba ni sehemu yake. Lililo geni ni namna ya kuuandaa upasuaji. Siku hizi hufanyika kwanza ndani ya kompyuta, mgonjwa angali nyumbani kwake, na hilo ndilo tunalopenda kulitazama leo kwa jicho la mtu wa Tabora.

Kazi huenda hivi. Mgonjwa hupigwa picha kwa mashine ya eksirei inayozunguka kichwa na kutoa taswira ya pande tatu. Mashine za namna hiyo zilizobuniwa mahsusi kwa ajili ya taya zilianza kutumika Italia mwishoni mwa miaka ya 1990. Halafu kamera ndogo hupitishwa kinywani ikanakili umbo la meno na ufizi. Taswira hizo mbili hulazwa moja juu ya nyingine katika programu, na daktari huanza kupima: mfupa una unene gani, uwazi ulio juu ya magego ya juu unaanzia wapi, mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini uko umbali gani. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu huweza kufa ganzi kwa miezi, pengine kwa maisha yote; ndiyo sababu madaktari huacha nafasi ya milimita 2 hivi juu yake. Mahali pakisha kuchaguliwa, mashine nyingine huchapa kielekezi, yaani kibao cha plastiki ngumu kinachokaa juu ya meno yaliyobaki, chenye tundu lililotiwa pete ya chuma. Siku ya upasuaji keekee hupita katika tundu hilo tu.

Msomaji ana haki ya kuuliza: haya yanamhusu nini mkulima wa Urambo au mrina asali wa Sikonge? Yanamhusu kwa sababu mpango huo wote ni faili la kompyuta, na faili halina uzito.

Mji wetu ulikua kwa ajili ya mizigo. Kutoka Ujiji kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo kila kitu kilipita begani mwa binadamu, na Mnyamwezi alikuwa mpagazi mashuhuri kuliko wote. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa, mahali walipopaita Kaze. Miongoni mwa vitu vilivyoshuka pwani kwa njia hiyo zilikuwamo pembe za ndovu, na pia meno ya kiboko. Yafaa tukumbuke kwamba kabla ya kauri na mpira mgumu kushika nafasi yake katika karne ya 19, meno ya bandia ya wenye uwezo huko Ulaya na Marekani yalichongwa kwa pembe na kwa meno ya kiboko. Afrika imepata kuwapa wengine meno ya kutafunia.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku. Mikataba ya kuifikisha reli ya kisasa Tabora na Kigoma ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Lakini treni ikienda mbio kiasi gani, katika matibabu ya meno mgonjwa mwenyewe ndiye aliyebaki kuwa mzigo. Anayehitaji kazi kubwa ya taya husafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam, akalipa nauli na malazi, akarudi, kisha akatakiwa kwenda tena jeraha likaguliwe, na tena jino livikwe. Sasa, kwa mara ya kwanza, taya lake laweza kusafiri bila yeye. Picha yaweza kupigwa hapa, mtaalamu wa Muhimbili akaitazama jioni hiyo hiyo, kielekezi kikachapwa, na mgonjwa akapasuliwa karibu na watu wake. Kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, Serikali ilipanga kuzipatia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT. Mashine hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya meno na mionzi yake kwa kawaida huzidi ile ya mashine za taya. Hata hivyo, mipango ya kwanza ya vipandikizi kwa kompyuta ilifanywa kwa picha za CT za kawaida. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba Tabora haina budi kungoja hadi kila chombo cha fahari kifike.

Hofu yetu iko kwingine. Ikiwa picha itapigwa hapa, ikapangwa pwani au ng'ambo, kisha kielekezi kikarudi ndani ya sanduku, daktari wetu atakuwa mpagazi mpya: amebeba mzigo asioujua kilichomo. Maarifa hubaki kwa yule aliyekaa mbele ya kompyuta, akasita, akahamisha kipandikizi milimita moja upande wa ulimi, na akajua kwa nini amekihamisha.

Tena kielekezi hakimfanyi asiyejua kuwa fundi. Tafiti zilizokusanya vipimo vya upasuaji wa aina hii zinaonyesha kwamba kipandikizi hukengeuka kwa wastani wa zaidi kidogo ya milimita 1 kutoka mahali palipopangwa, na kwa mshazari wa nyuzi 3 au 4. Kibao kikikaa vibaya kwa sababu ufizi ni laini au meno ya kukishikilia yamekwisha, kosa huongezeka. Nyuma ya kinywa, kwenye magego, wengine hawawezi kupanua mdomo kiasi cha kuruhusu kibao na keekee kwa pamoja. Isitoshe, kibao hicho hicho chaweza kuyazuia maji yanayopooza keekee, na mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huharibika, usikishike tena kipandikizi. Daktari anayestahili kukitumia kielekezi ni yule awezaye kukiweka kando akaendelea na kazi bila hicho.

Yako pia mambo ya msingi ambayo wapenzi wa mitambo hawapendi kuyasikia. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba Wanyamwezi walikuwa wakiyachonga meno mawili ya mbele kwa urembo na kwa alama ya kabila. Pengo hilo lilikuwa la hiari. Mapengo ya leo si ya hiari. Katika vituo vyetu vya umma jino linalouma, kwa sehemu kubwa, hung'olewa, hata pale ambapo kuliziba au kuutibu mzizi wake kungeliokoa. Koleo na ganzi hupatikana kwa urahisi kuliko vifaa vya kuzibia, na mgonjwa huja akiwa amechelewa, anataka maumivu yaishe siku hiyo hiyo. Chuo cha Muhimbili kilianza kufundisha madaktari wa meno wa shahada mwaka 1979, na tangu hapo taifa limepata wataalamu wake lenyewe. Lakini wengi wamejazana Dar es Salaam, na wilaya za bara zimeachiwa wachache. Tusisahau pia balaa la "meno ya plastiki", imani iliyoenea tangu miaka ya 1980, ambapo mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha hukatwa ufizi na kung'olewa vijichonge ambavyo havijaota, kwa chombo kichafu. Baadhi ya watoto walikufa kwa sababu hiyo. Miongoni mwa waliopona wako waliokua na mapengo yasiyohitaji kompyuta kuelezwa chanzo chake.

Kwa sababu hizo hatuoni busara ya mkoa kuanza na vipandikizi. Uanze na kamera ile ya kinywani na mashine ya kuchapa, na kijana mmoja au wawili waliofunzwa ufundi wa maabara ya meno. Vyombo hivyo hivyo vinavyoandaa kielekezi hutengeneza meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo mzee wa Nzega au Kaliua anayahitaji leo, na ambayo bei yake iko karibu zaidi na mfuko wake. Mikono ikizoea kupima na kuchapa kwa kazi hiyo, kipandikizi kitakuja kama hatua inayofuata. Na sheria ya bima ya afya kwa wote, ambayo Bunge liliipitisha mwaka 2023, itapimwa katika jambo hili kwa swali moja jepesi: je, mwanachama ataliziba jino lake kwa urahisi kuliko kuling'oa?

Neno moja kwa wakulima wetu wa tumbaku, na hatulisemi kwa kejeli, maana mkoa huu unaishi kwa zao hilo: uvutaji wa sigara ni miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari ya kipandikizi kulegea na kung'oka. Kisukari kisichodhibitiwa nacho ni vivyo hivyo.

Hata kabla ya hayo yote, liko jambo ambalo Wizara ya Afya yaweza kuliamuru bila kununua mtambo wowote. Vipandikizi havifanani. Kila kampuni ina skrubu yake na bisibisi yake, na mtu aliyetiwa kipandikizi Dar es Salaam, skrubu ikamlegea akiwa Igunga baada ya miaka sita, hatasaidiwa na daktari asiyejua kilichomo mfupani ni cha nani. Kila aliyetiwa kipandikizi popote nchini apewe kadi yenye jina la kampuni, ukubwa wa kipandikizi na tarehe, pamoja na nakala ya faili la taya lake, bila malipo na bila kubembeleza. Taya ni lake, na ramani yake ni yake.